KIJANA WA GISENYI KATIKA MLANGO WA WAKILI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana

 

Enyi wazazi na vijana mliohudhuria, jambo linaloletwa mbele yenu leo si la mimbari, ni jambo la riziki. Ni khabari ya vijana waliomaliza masomo ya sheria, waume kwa wake, kisha wakabaki majumbani wakingoja. Cheti kimo sandukuni, suti imepigwa pasi, na mwenyewe hajui aelekee wapi. Kwani kazi ya uwakili haianzi kwa cheti cha chuo kikuu. Mwanafunzi wa Rwanda akitoka huko hupita katika chuo cha Nyanza, kijulikanacho kwa herufi za ILPD, akapate diploma ya kazi yenyewe. Naye atakaye kusimama mahakamani kwa ajili ya watu huandikwa kwanza na Chama cha Mawakili miongoni mwa mawakili wanagenzi, akae chini ya mkono wa wakili mkubwa mpaka apevuke. Tena hata kabla ya hayo, angali yumo chuoni, hutafuta ofisi ya mawakili itakayompokea kwa miezi michache, ajifunze kwa macho na mikono. Yote hayo watu wa Gisenyi huyaita kwa neno moja, staji. Na mlango wa staji ni mwembamba, kwa sababu ofisi zilizo kubwa ni chache, nazo ziko Kigali, na vijana wanaobisha hodi ni wengi kila mwaka.

Sasa mtu akizunguka Majengo au Mbugangari akauliza kwa nini kijana fulani hajapokewa, jawabu atakalopewa ni moja tu: Hana mtu. Baba hulisema neno hilo, mama hulisema, na mwisho kijana mwenyewe hulisema, naye akishalisema huacha kuandika barua.

Neno hili lisichekwe, maana lina asili yake. Katika zama za Wabelgiji, wale walioitwa Waswahili waliwekwa katika mitaa yao peke yao, na skuli zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Mzazi Mwislamu aliogopa kwamba mtoto wake ataingia na jina moja atoke na jina jingine. Basi mtoto alipelekwa chuoni akahitimu Kurani, na kutoka hapo akaenda sokoni, au kwenye cherehani, au kwenye usukani wa lori. Makarani na mahakimu walitoka katika nyumba nyingine. Hata chama cha Waislamu wa nchi hii kilipoandikishwa mwaka 1964, watu waliosoma skuli za juu walikuwa wakihesabika kwa vidole. Kisha ikaja mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na nchi nzima ikabaki na mahakimu na wanasheria wachache mno. Chama cha Mawakili kilianzishwa kwa sheria ya tarehe 19 Machi 1997, na wanachama wake wa mwanzo hawakutimia hata 50. Leo wamepita 1,000. Mlango uliokuwa haupo sasa upo. Lakini mtoto wa muuza sambaza akiufikia, yeye ndiye wa kwanza wa ukoo wake kuufikia. Hana ami aliye wakili, hana shangazi aliye hakimu. Kwa maana hiyo ni kweli, hana mtu.

Lakini yafaa kuulizwa, mtu wa namna gani? Kwani wako watu wa namna mbili, na wazazi wengi huwachanganya. Yuko mtu wa kumwombea kijana, na yuko mtu wa kumtambulisha. Mwenye kumwombea husema, "Mpokeeni huyu kwa ajili yangu." Mwenye kumtambulisha husema, "Yupo kijana wa namna hii, anajua kitu hiki na kitu hiki, mtazameni wenyewe." Maneno yakaribiana, na matokeo yake ni mbali kama Gisenyi na Kibungo.

Katika jambo hili iko khabari ya mtu mmoja mashuhuri aliyepita katika pwani ya Waswahili. Mohandas Gandhi, kabla dunia haijamjua, alikuwa kijana wa sheria asiye na kazi. Alikubaliwa kuwa wakili London mwezi wa Juni 1891, akarudi kwao Bara Hindi akidhani cheti cha Uingereza kitamfungulia kila mlango. Alijaribu kazi Bombay. Siku ya kesi yake ya kwanza, katika mahakama ya madai madogo, alisimama amwulize shahidi, kichwa kikamzunguka, asipate suala hata moja. Akaketi, na ujira akaurudisha. Akaona tangazo gazetini, atakiwa mwalimu wa Kiingereza kwa rupia 75 kwa mwezi. Akaomba, akaitwa, akakataliwa kwa kuwa hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Haya na wasikie wale wanaodhani kwamba kukataliwa ni msiba wa Gisenyi peke yake.

Akarudi Rajkot kwa jamaa zake. Huko kaka yake alikuwa na shaka kwa afisa mmoja Mwingereza, na kwa kuwa Mohandas alipata kuonana kidogo na afisa huyo alipokuwa Uingereza, kaka akamwambia aende akamsemee. Mohandas hakupenda, ila kaka ni kaka. Akaenda. Afisa akamjibu kwamba kama kaka yake ana neno, na alilete kwa njia yake. Mohandas alipoendelea kusema, akaitwa tarishi, akamshika mabegani akamtoa nje. Na hasara haikuwa fedheha ya siku ile tu, kwani kazi zake nyingi pale Rajkot zingepita mbele ya afisa yule yule. Kujuana kwao kulikuwa kitu chenye manufaa, kukaharibika kwa saa moja.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja barua ya kampuni ya Dada Abdulla, Waislamu wa Porbandar waliokuwa na biashara kubwa Afrika ya Kusini. Walikuwa na kesi ya madai huko, na mawakili wakubwa walikuwa nao tayari. Walilolitaka ni kijana wa kuwaandikia barua za Kiingereza na kuwafahamisha mawakili wao mambo ya duka lao. Kazi ya mwaka mmoja, nauli ya daraja la kwanza kwenda na kurudi, na paundi 105. Kwa hakika hiyo ilikuwa kazi ya mwanagenzi zaidi kuliko ya wakili, naye mwenyewe alijua. Na barua ile nayo ilipitia kwa kaka yake. Hapa pana jambo la kutazamwa sana. Kaka ni yule yule. Mara ya kwanza alitaka jina la mdogo wake litumike kulainisha shauri, na mdogo akatupwa nje. Mara ya pili alieleza tu ya kuwa yupo kijana aliyesoma sheria na ajuaye Kiingereza, na mdogo akapata safari.

Aliondoka mwezi wa Aprili 1893, jahazi lake la moshi likatia nanga Lamu, na Mombasa, na Unguja, ambako alikaa siku kadha wa kadha akingoja meli nyingine. Alipofika akaona kwamba kesi yote ni mahesabu, naye hakujua kuweka hesabu. Hata hati ya ahadi ya kulipa deni hakuijua ni kitu gani. Hakuona haya. Alinunua kitabu cha uwekaji hesabu akakisoma, na akawauliza makarani wa duka. Mwisho wa mambo alijua madaftari yale kuliko mtu yeyote, na kwa ujuzi huo akawashawishi wale wagombanao, ambao walikuwa jamaa, wapeleke shauri lao kwa msuluhishi. Dada Abdulla akashinda kiasi cha paundi 37,000 na gharama, na kijana akamwomba akubali kulipwa kidogo kidogo ili yule jamaa yake asifilisike. Uwakili aliujua huko, katika madaftari ya duka, wala hakuujua London.

Mwingine ni Nelson Mandela. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa Johannesburg hana kitu, na Walter Sisulu akamtambulisha kwa wakili Lazar Sidelsky. Ofisi ikampokea kuwa karani mwanagenzi kwa ujira mdogo, na ikamsamehe ile ada ambayo kwa desturi mwanagenzi alikuwa akilipa ili apokewe. Sisulu hakuwa hakimu wala tajiri. Alikuwa mtu aliyewajua watu, na aliyesema neno la kweli juu ya kijana anayemjua. Basi hata Mandela alikuwa na mtu; lakini mtu wa kumtambulisha.

Sasa turudi kwenye mwambao wa Kivu. Desturi ya kumwombea kijana inajulikana namna ifanyavyo kazi. Mzee hutafuta mkubwa wa Kigali aliyewahi kusali naye au kufanya naye biashara. Humpigia simu mara tatu. Siku ikifika hupanda basi pamoja na mwanawe, kiasi cha kilomita 150 kupitia Musanze, na mzee amebeba bahasha, au mfuko wa sambaza wakavu, kwa heshima tu, kama asemavyo. Wanaingia ofisini wote wawili. Wakili amwuliza kijana jina lake, na baba ndiye ajibuye. Wakili amwuliza kijana amesoma nini, na baba ajibu tena, ya kuwa mwanangu ni mpole na hanywi pombe. Ni maneno mazuri kwa mkwe. Wakili hatafuti mkwe, atafuta mtu atakayesimama peke yake mbele ya hakimu, na amekwisha kuona kwamba huyu hawezi kusimama peke yake mbele ya meza.

Na kuhusu ile bahasha, jambo lisemwe wazi bila kuzungushwa. Sheria namba 54 ya mwaka 2018 ya kupambana na rushwa imeutaja na upendeleo pia, yaani kuamua jambo kwa urafiki au kwa chuki. Kijana atakaye kazi ya sheria akaingia kwa bahasha ameanza safari kwa kuvunja kile anachotaka kukilinda. Wakili mwenye akili akiiona bahasha hujiuliza mara moja: mtu huyu atawapelekea nini mahakimu akishakuwa na kesi zangu mkononi?

Mtu wa kumtambulisha kijana hayuko mbali. Mwalimu aliyemsahihishia kazi zake Huye, au katika tawi la ULK la hapa hapa Gisenyi, aweza kuandika kwamba kijana huyu alitafiti jambo fulani na akaliandika sawasawa. Kila wilaya ina ofisi ya kuwasaidia raia katika mambo ya sheria, ile iitwayo MAJ. Kijana aliyejitolea huko akiwasikiliza akina mama wa mashamba ya Rugerero ana mtu wa kumshuhudia. Wako wadalali wa mahakama, wako na wanotari. Tena Mahakama ya Kati ya Rubavu husikiliza kesi hadharani, wala haimtozi mtu senti kwa kukaa kimya akisikiliza. Kijana aliyekaa huko asubuhi 20, akaandika kila siku nini kilidaiwa na nini kilithibitishwa, ana jambo la kumwambia wakili wa Kigali ambalo wenzake 30 hawana.

Barua ya maombi nayo ni mahali ambapo vijana wengi hujiangusha wenyewe. Kuna barua moja inayozunguka katika simu za vijana, mmoja humpa mwenziwe, na kila mmoja hubadilisha jina tu. Yaanza: "Kwa heshima na taadhima naomba nafasi yoyote katika ofisi yenu tukufu. Mimi ni kijana mwenye bidii, mwaminifu, na mwepesi wa kujifunza." Mmoja aliipeleka hata akasahau kufuta jina la ofisi ya kwanza, ikaenda kwa ofisi ya pili ikiwa inawasifu jirani zao. Hakuna uwongo ndani ya barua hiyo, ila hakuna mtu ndani yake. Nani atajiita mvivu?

Barua inayofaa ni ya ukurasa mmoja, nayo husema mambo ambayo mwingine hawezi kuyanakili. Kwa lugha yoyote itakayoandikwa, Kiingereza au Kifaransa au Kinyarwanda, maana yake na iwe kama hivi: "Nimesoma kwamba ofisi yenu hushughulika na mikataba ya usafirishaji. Katika mwaka wangu wa mwisho niliandika juu ya madeni ya wafanyabiashara wadogo wa mpakani. Kwa miezi miwili nilijitolea mahali pa kuwasaidia watu wasio na wakili, nikawa nachukua maelezo yao na kuyapanga kwa tarehe. Nazungumza na mteja kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili bila mkalimani, na nasoma mkataba wa Kifaransa na wa Kiingereza. Naweza kuanza mwezi wa Septemba." Hapo pana mtu. Na kila neno aweza kuulizwa akalijibu.

Ajabu ni kwamba kijana wa Gisenyi huficha kile ambacho ndicho mali yake. Huona haya kuandika kwamba amekulia karibu na Petite Barrière, kwamba mama yake alikuwa akivuka kwenda Goma na beseni la nyanya kichwani, kwamba yeye mwenyewe tangu utoto amewasikia watu wakibishana juu ya ushuru na faranga na dola katika lugha tatu kwa mara moja. Akidhani kwamba ofisi ya Kigali yataka watu wa Kigali. Lakini mambo yamebadilika. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Kongo ilitia sahihi mkataba wa Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022. Ofisi zinazowatetea wasafirishaji na mabenki na makampuni ya bima zina faili zitokazo Mombasa na Dar es Salaam na Goma, na katika faili hizo kuna barua za Kiswahili, na mashahidi ambao Kiingereza hawakijui. Mpaka huu umefungwa na kufunguliwa mara nyingi, umeona vita na umeona maradhi. Ajuaye namna watu walivyofanya biashara katika siku hizo ana elimu ambayo haikuandikwa katika kitabu cha chuo. Asiiandike kwa kulalamika, wala kwa kuomba kuhurumiwa. Aiandike kama ujuzi, kwa sentensi mbili, basi.

Liko na jambo dogo ambalo limewatesa wengi kuliko haya makubwa, nalo ni jina. Mtoto aliandikwa Khamis alipozaliwa, skuli ya msingi ikamwandika Hamissi kwa Kifaransa, kitambulisho kinasema Hamisi, na diploma imeongeza jina la babu. Mwingine ni Abdul hapa na Abdoul pale. Karani wa Kigali akizitazama karatasi hizo huona watu wanne. Wazazi na walitazame jambo hili mapema, wala si wiki ya maombi, maana kurekebisha jina kuna njia yake na kunachukua muda. Na aliyesoma nje ya nchi, kama Kampala au Bujumbura au Goma, cheti chake lazima kipelekwe kwenye baraza la elimu ya juu la Rwanda kikalinganishwe. Hapa pia husahauliwa jambo jingine. Aliyesomea sharia ya dini katika nchi za Kiarabu amerudi na elimu tukufu, lakini elimu hiyo si cheti cha sheria za serikali. Kenya wana mahakama za makadhi zilizotajwa katika katiba yao ya mwaka 2010, na Zanzibar pia wanazo, Rwanda hakuna. Kijana huyo asidanganywe na sifa za jamaa akapoteza miaka yake mlangoni. Na aambiwe mapema kwamba njia ya uwakili kwake yaanzia chuo kikuu cha sheria.

Kijana akiitwa kwa mahojiano, mara nyingi hupewa kisa. Tuseme aambiwe hivi: mfanyabiashara wa Mbugangari alimpa mtu wa Goma magunia 60 ya maharagwe kwa ahadi ya kulipwa baada ya mwezi, mwezi umepita, pesa hazikuja, je, wewe utafanya nini? Aliyekariri vitabu hukimbilia kutaja namba za vifungu. Wakili humwacha ataje mpaka achoke. Mwingine hutulia akauliza: Palikuwa na maandishi? Kama hapakuwa, je, kuna ujumbe katika simu? Nani aliyapakia magunia, na nani aliyapokea? Ahadi ilitolewa upande gani wa mpaka? Mdaiwa ana nyumba au duka upande huu? Kwani hukumu ya Rubavu juu ya mtu ambaye mali yake yote iko Goma yaweza kubaki karatasi, mpaka ipatikane njia ya kuitekeleza huko aliko. Na mwisho huuliza jambo ambalo watoto wa mpakani hulijua kuliko wengine: je, watu hawa wanataka kuendelea kufanya biashara pamoja? Maana kama wanataka, shauri lao huenda likaishia mezani kama lile la Dada Abdulla, wala lisifike kwa hakimu. Kijana huyu wa pili huenda hakutaja kifungu hata kimoja. Yeye ndiye atakayepokewa.

Wengi hawatapokewa mara ya kwanza, na jawabu la wengi litakuwa kimya. Kimya si matusi. Ofisi ina barua nyingi na watu wachache. Baada ya wiki tatu kijana aandike mara moja, maneno mawili, akiuliza. Akiendelea kunyamaziwa aende kwingine. Nchi jirani zina mambo hayo hayo. Mwanafunzi wa Kenya School of Law hutakiwa akae miezi sita chini ya wakili, naye hubisha milango ya Nairobi na Mombasa kama wa kwetu. Uganda wana chuo chao tangu mwaka 1970, na Tanzania Bara chuo chao kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kabla ya chuo cha Dar es Salaam kufungua masomo ya sheria mwaka 1961, kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka kuwa wakili hakuwa na budi kuvuka bahari. Huyu wa leo avuka Musanze.

Imebaki khabari ya fedha, nayo si ndogo. Staji nyingi hazina mshahara, au zina nauli tu. Kijana wa Kigali hulala kwao. Kijana wa Gisenyi lazima apange chumba, ale, apande moto asubuhi na jioni, kwa miezi mingi, na baba yake ni dereva. Hapa ndipo waombao na wasioombewa hutengana kweli, wala si katika akili. Na hapa ndipo jamaa wangeweza kufanya jambo. Harusi moja hapa mjini hukusanya michango kwa majuma mawili. Michango ya namna hiyo yaweza kumweka mwanagenzi Kigali, ikiwa itaandikwa daftarini, kwa kiasi kinachojulikana, kwa miezi inayojulikana, na mwenyewe akaleta khabari za kazi yake kila mwezi. Na wako watu wa Gisenyi walio na nyumba Nyamirambo na Biryogo. Chumba kimoja cha nyuma kwa binti aliyepata nafasi ni msaada mkubwa kuliko simu 10 kwa mkubwa. Wazazi wengi huwazuia mabinti si kwa kutopenda sheria, ila kwa kuogopa atalala wapi. Hofu hiyo ina dawa, na dawa yenyewe ni mlango wa mama fulani anayejulikana.

Lakini wanaochanga wasidhani wamenunua kitu. Kazi ya wakili ni kazi ya siri za watu, na mwanagenzi huanza kuzibeba siku ile ya kwanza anapopewa faili kulipanga. Hata katika barua yake ya maombi, akieleza kazi aliyoifanya mahali pengine, haifai kumtaja mteja kwa jina. Wakili asomaye hujua papo hapo kwamba na wateja wake watatajwa vivyo hivyo. Gisenyi ni mji mdogo, kila mtu ni binamu wa mtu, na faili la Kigali laweza kuwa la jirani wa ukuta kwa ukuta. Siku ya Ijumaa kijana atarudi kwa basi la jioni. Mama yake atakuwa amemwekea chakula, na wajomba watakuwa wamekaa barazani, nao walichangia. Watamwuliza, "Haya mwanetu, huko kwa mawakili kuna khabari gani wiki hii?" Naye atawaamkia mmoja mmoja, atanawa mikono, na atawaambia kwamba barabara ya Musanze ilikuwa na ukungu mwingi.